Prado ya zamani: pesa yako ianzie hapa

Toyota Land Cruiser Prado za toleo la J90 zilitoka kiwandani kuanzia 1996 hadi 2002. Iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 20, na bado ukisimama Makambako au njiapanda ya Himo hukosi kuiona moja ikipita na magunia juu ya keria. Nalipenda gari hili bila kificho. Lina chesisi ya kweli, ekseli ngumu nyuma, linapita tope la masika, na spea zake unazipata hadi wilayani. Kinachonisikitisha ni kuona linavyouawa. Mtu analinunua, wiki ya kwanza anaweka rimu mpya, redio ya kioo kikubwa na taa za mbele zenye mwanga mweupe, na miezi michache baadaye liko juu ya mawe gereji likiwa halina hedi. Pesa ilikuwepo, ila ilianzia pasipo.

Bei nitazitaja kwa ngazi tatu, kwa shilingi za Tanzania: makumi ya elfu, malaki, na mamilioni. Bei kamili ya maduka ya spea ya Gerezani leo si ya mwezi ujao, lakini ngazi hazibadiliki upesi, na ngazi ndizo zinazokusaidia kuamua.

1. Jua injini uliyo nayo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote.

Fungua boneti, tafuta kibati cha utambulisho. Kikiandikwa KZJ, una dizeli ya 1KZ-TE, silinda nne, sentimita za ujazo 2,982. Ndiyo iliyojaa barabarani kwetu na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi. KDJ ni 1KD-FTV, dizeli ya ujazo uleule lakini ya mfumo mwingine kabisa wa kupeleka mafuta, iliyoanza kufungwa kwenye Prado mwaka 2000. VZJ ni petroli ya V6 ya lita 3.4, na RZJ ni petroli ya lita 2.7. Ushauri wa injini moja ukiupeleka kwenye nyingine utapoteza hela, na mafundi wengi wa barabarani hujibu swali lako kabla hawajakitazama kibati.

2. Rejeta kwanza. Mengine yote yasubiri.

1KZ-TE ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma, haivumilii joto kama chuma, na hedi hii ina vyumba vidogo vya kuwashia mafuta kabla moto haujashuka kwenye silinda, jambo linaloongeza joto palepale kati ya valvu. Likichemsha mara moja vizuri, hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Kwa hiyo mfumo wa kupoza maji ndio uhai wa gari hili, na kwenye gari la miaka zaidi ya 20 kila kipande chake kinastahili kushukiwa.

Orodha yake si ndefu. Rejeta yenyewe: kama ina tangi la plastiki na plastiki imegeuka kahawia, siku zake zimehesabiwa, na rejeta nzima inabadilishwa. Hosi ya juu na ya chini, pamoja na zile ndogo za hita ambazo watu huzisahau kwa sababu Dar es Salaam hakuna anayewasha hita. Mfuniko wa rejeta, ambao kazi yake ni kushikilia presha ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Springi yake ikilegea maji yanachemka mapema. Thamostati. Pampu ya maji. Na ile klachi ya feni yenye mafuta ya silikoni ndani: injini ikiwa imezimwa na bado ina moto, izungushe feni kwa mkono, ikizunguka kirahisi bila ukinzani, imechoka.

Hosi, mfuniko na thamostati ni vitu vya makumi ya elfu. Rejeta ni malaki kadhaa. Ukivijumlisha vyote vipya, pamoja na ufundi, bado hujafika nusu ya gharama ya kupasuka hedi.

Na tafadhali, maji ya bomba yasiingie humo. Yana chumvi na madini. Yanakula aluminiamu taratibu na kuacha ukoko unaoziba njia za rejeta. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili.

3. Ukimkuta fundi anataka kutoa thamostati, mzuie.

Hii ni tabia iliyoenea kutoka Mwanza hadi Mtwara: gari linachemsha, fundi anang'oa thamostati, gari linapoa kwa wiki mbili, kila mtu anafurahi. Lakini thamostati ya injini hii ina kazi mbili. Inafungua njia ya rejeta maji yakipata moto, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji inazunguka humohumo ndani, na siku utakapopanda mlima Kitonga umebeba mzigo, ndipo utakapoona hasara yake. Fundi mzuri atatafuta sababu ya kuchemsha. Asiyeijua ataondoa kifaa.

4. Geji ya joto usiiamini sana.

Geji za Toyota nyingi za miaka ile zilitengenezwa zitulie katikati ili dereva asibabaike na kila badiliko dogo. Sindano inakaa palepale joto likipanda, na inapoanza kusogea kuelekea nyekundu umebakiwa na muda mfupi sana. Zaidi ya hapo, maji yakivuja yote ghafla, sensa inabaki kwenye hewa na inaweza isisome lolote la maana.

Funga geji ya pembeni inayosoma nyuzi kwa namba, au king'ora cha kiwango cha maji. Fundi umeme anaifunga siku hiyohiyo, na gharama ni makumi ya elfu hadi laki na kidogo. Kwenye gari hili hakuna kifaa cha ziada ninachokithamini kuliko hiki. Ukiona namba inapanda mlimani, punguza gia, zima AC, na ikizidi, simama pembeni injini ikiwa inaunguruma bila mzigo. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa na moto. Watu wameungua nyuso kwa haraka hiyo.

5. Jifunze dalili za hedi mwenyewe, usisubiri kuambiwa.

Asubuhi gari likiwa baridi kabisa, bonyeza hosi ya juu ya rejeta. Inatakiwa iwe laini. Ikiwa ngumu, imejaa presha tangu jana, kuna hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Maji yanapungua na huoni yanapovujia. Tangi la akiba linajaa na kumwagika, huku rejeta yenyewe ikipungua. Mapovu yanatoka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka. Moshi mweupe asubuhi usioisha.

Kipo kipimo cha kemikali: kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, kikibadilika rangi ujue gesi ya moshi imeingia kwenye maji. Gereji kubwa wanacho. Kilipie kabla ya kukubali kufunguliwa injini, kwa sababu dalili mojamoja kati ya hizo zinaweza kusababishwa na mfuniko mbovu tu, na mfuniko ni makumi ya elfu.

6. Hedi ikifunguliwa, maliza kazi.

Hapa tumefika kwenye mamilioni. Hedi mpya, hata ya kopi nzuri, pamoja na gasketi, bolti, mafuta, kulanti na ufundi, haichezi kwenye malaki. Kwa hiyo usiifanye kazi hii nusu nusu.

Hedi iliyopasuka usiichomelee. Najua wapo wanaochomelea na wanaoapa kwamba kazi yao hudumu, lakini ufa ulio kati ya valvu unarudi, na unarudi ukiwa safarini. Hedi ya mtumba nayo usiinunue kabla haijapelekwa mashine shopu ikapimwa presha na kunyooshewa uso. Kuiangalia kwa macho hakutoshi. Sisitiza gasketi ya unene unaotakiwa, na bolti zikazwe kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kitabu, si kwa nguvu za mkono.

Halafu kuna jambo linalorudisha wengi gereji ndani ya mwaka mmoja: hedi mpya inafungwa na rejeta ileile iliyoziba. Hedi haikupasuka yenyewe. Kilichoipasua kama bado kipo, kitaipasua na hiyo mpya. Rejeta, thamostati, pampu ya maji na mkanda wa taiming vibadilishwe wakati injini iko wazi, maana ufundi wake umeshaulipia.

7. Kwa wenye giaboksi ya otomatiki: kagua rangi ya mafuta ya gia.

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupozwa ndani ya tangi la chini la rejeta, kwenye kibomba kilichozungukwa na maji. Kibomba kile kikitoboka kwa kutu, maji na mafuta vinachanganyika, na ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta kitu cha pinki kama maziwa ya strobero. Maji yakishaingia humo, sahani za msuguano ndani ya giaboksi zinaanza kuachana na gundi yake. Ukiona hivyo usiendeshe hata kilomita moja, livutwe.

Kinga yake ni rahisi: badilisha rejeta kwa wakati, au funga kipozeo cha nje cha giaboksi, kile cha peke yake kinachokaa mbele ya rejeta, na mafuta yasipite tena kwenye maji. Ni malaki. Giaboksi ni mamilioni, na ya mtumba hujui ilikotoka.

8. Boljointi za chini za mbele. Nisome polepole hapa.

Matatizo yote niliyotaja hadi sasa yanaua gari. Hili linaweza kukuua wewe na waliomo ndani.

Kwenye Prado hii, kama ilivyo kwa Hilux Surf ya miaka ileile, boljointi ya chini imefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itengane, badala ya kuisukuma ikae. Ikichakaa vya kutosha, mpira wake unachomoka kwenye kikombe. Tairi la mbele linalala chini ya mbawa, gari linaangukia upande mmoja, na usukani hauna kazi tena. Likitokea ukigeuza maegeshoni umepata bahati. Kwenye kilomita 100 kwa saa, na basi linakuja mbele yako, hakuna ufundi wa udereva utakaokusaidia.

Dalili huwa chache. Kugonga kidogo kwenye mashimo, mpira wa vumbi uliochanika, usukani unaoelea. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Kwa hiyo kipimo ndicho cha kutegemea: fundi aweke jeki chini ya mkono wa chini, tairi liachane na ardhi, kisha alinyanyue tairi kwa mtaimbo huku mwingine akiitazama boljointi. Ikicheza juu na chini, ibadilishwe siku hiyo. Fanya hivi kila unapobadilisha oili.

Kopi zipo za makumi ya elfu. Zile za Toyota zenyewe ni malaki. Kwa kifaa hiki kimoja, usinunue kopi. Nimesikia kila utetezi wa kopi na sijaukubali hata mmoja. Ziko mbili tu kwenye gari, kushoto na kulia, na kila moja inashikwa na bolti nne. Bolti nazo ziwe mpya. Kama bajeti ya mwezi ni ya kitu kimoja kati ya boljointi na matairi mapya yenye sura nzuri, chagua boljointi.

9. Mkanda wa taiming: usiulize mwenye gari, badilisha.

Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi kukumbusha. Tatizo ni kwamba taa inazimwa bila kubadilisha mkanda, na kilomita kwenye magari ya mtumba zinarudishwa nyuma. Ukikatika kwenye dizeli, pistoni na valvu zinakutana, na umerudi kule kwenye hedi. Mkanda na beringi yake ya kukazia ni makumi ya elfu hadi malaki machache. RZJ ya petroli lita 2.7 yenyewe ina cheni, kwa hiyo wenye hiyo ruka kipengele hiki.

10. Dizeli safi, chujio jipya.

Watanzania wanalijua neno kuchakachua vizuri. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Sababu ya kujali ni hii: pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainishi huo. Pampu ya 1KZ-TE ina udhibiti wa umeme, na kuitengeneza kwa fundi pampu mwenye vifaa kunapanda haraka kwenye malaki mengi, wakati mwingine zaidi.

Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi. Chujio libadilishwe kila kilomita 10,000 kwa hali ya mafuta yetu. Taa ya maji kwenye chujio ikiwaka, legeza kizibo cha chini umwage maji mpaka dizeli safi itoke; ni kazi ya dakika chache. Kwa walioko Njombe, Makete na Mbeya, ugumu wa kuwaka asubuhi za Juni na Julai mara nyingi ni plagi za moto tu. Hakikisha volti zake zinalingana na za gari lako, maana zikikosea zinaungua upesi.

11. Mwenye KDJ, sikiliza nozeli.

1KD haina sifa mbaya ya hedi kama ndugu yake, lakini ina ya nozeli, na hii inawahusu pia wenye Prado ya J120 na Hilux za dizeli za lita 3.0 zilizofuata. Injini ikigonga zaidi ikiwa baridi, au harufu ya moshi ikitoka kwenye mdomo wa oili, washa za shaba chini ya nozeli zinavujisha. Masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio la kunyonyea lililo ndani ya sampu, na injini inakosa oili kabisa. Washa ni bei ndogo. Nozeli nne mpya kwa pamoja ni mamilioni. Injini nzima, usiniulize. Mwambie fundi ashushe sampu aangalie lile chujio angalau mara moja tangu ulinunue gari.

12. Stata ikilia tak moja na kunyamaza, usinunue stata.

Betri nzima, taa zinawaka vizuri, ukizungusha ufunguo unasikia tak, halafu kimya. Ukijaribu mara tano, ya sita linawaka. Ni vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika. Fundi stata anavibadilisha kwa makumi ya elfu na stata inarudi kama ilivyokuwa. Usikubali kuuziwa nzima kwa malaki.

13. Madogo madogo.

Bushi za mikono ya nyuma zikichoka gari linayumba kwenye upepo. Badilisha zote pamoja. Wenzo wa giaboksi ndogo utumie mara moja kwa mwezi kwenye vumbi, H kwenda HL kisha LL, usije ukaganda. Lakini HL isitumike kwenye lami kavu. Pistoni za breki za mbele hukamata kwa kutu, gari likivuta upande mmoja anzia hapo. Na wa pwani, pamoja na wenye magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi: lala chini ugonge chesisi ya nyuma kwa nyundo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinabonyea, na gari la namna hiyo liache.

14. Ukienda kununua, fika asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti kwanza. Bonyeza hosi, fungua mfuniko wa rejeta ukiwa baridi, chomoa kijiti cha giaboksi, tazama rangi. Washa, subiri moshi. Kisha liendeshe mlima mrefu, si mzunguko wa mtaa. Ukikuta limeshawashwa na lina moto, rudi kesho. Muuzaji mkweli hataudhika.

Na kwenye bei mnayokubaliana, tenga fungu la rejeta, hosi, mkanda na boljointi kabla hujatoa senti ya kwanza. Kama fungu hilo halipo, Prado hiyo bado hujaimudu, na RAV4 ya mwaka uleule itakufaa zaidi. Kama tayari unayo na hujui hosi zake zilibadilishwa lini, usingoje safari ya Desemba. Mpigie fundi wiki hii, na mwambie alete jeki na mtaimbo.